Kijana anataka kutengeneza apu? Aanze na daftari la madeni

Kama uko Lodwar, Kakuma, Kalobeyei au kwingineko Turkana, na umeanza kujiuliza hizi apu tunazotumia kila siku hutengenezwaje, somo hili ni lako. Tumeliandika kwa kijana wa miaka kama 14 hadi 18. Lakini mzazi anayeombwa pesa za bando kila jioni, na mwenye duka jirani, tafadhali msipite tu. Mmo ndani ya somo hili, mtaona.

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, hatuendeshi chuo. Tunachokijua vizuri ni pale programu inapokutana na pesa za watu, na hapo ndipo anayeanza huteleza. Kwa hivyo hapo tutakaa sana. Mambo ya lugha ipi ya kompyuta ni bora kuliko ipi tutayapitia mbiombio. Mabishano hayo yamejaa mtandaoni na hayajawahi kuisha.

Neno moja kabla hatujaanza. Siku hizi utasikia watu wakisema "kukodi" wakimaanisha kuandika maagizo ya kompyuta. Hapa tutasema msimbo. Kodi tunaijua tayari, kuna ya serikali na ya mwenye nyumba, na hizo mbili zinatosha.

Simu uliyo nayo

Ukiuliza jinsi ya kutengeneza apu ya Android, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni upakue Android Studio. Ni programu nzuri na ni ya bure, lakini inataka kompyuta yenye RAM ya angalau GB 8, na kuipakua kunakula bando sana. Ni rahisi kukata tamaa hapo hapo, hata kabla ya kuandika mstari mmoja. Iache kwanza.

Anza na HTML, CSS na JavaScript. Hizi ni lugha za kurasa za intaneti, na simu yako inazielewa tayari kwa sababu kivinjari chochote kinazisoma. Unachohitaji ni apu ndogo ya kuandikia msimbo, na ziko kadhaa za bure kwenye Play Store. Ukishaipakua, unaandika na kujaribu bila mtandao. Hilo ni jambo kubwa kama bando la wiki limekuishia Jumanne, au kama mtandao wa mtaani kwenu huenda na kurudi utakavyo wenyewe.

Kama unapata kompyuta mara moja moja, shuleni au saiba, jaribu pia MIT App Inventor. Hapo huandiki msimbo kwa herufi, unapanga vipande vya rangi vinavyoshikana, na mwishoni unapata apu inayofanya kazi kwenye simu. Ilianzia Google mwaka 2010, kisha ikahamia chuo kikuu cha MIT huko Marekani. Inataka intaneti, na hiyo ndiyo kasoro yake kwetu. Baadaye, ukishakaa na JavaScript miezi sita hivi, unaweza kuhamia Kotlin, ambayo Google iliipa kibali rasmi kwa Android mwaka 2017, au Flutter. Chagua moja tu. Anayebadilisha lugha kila mwezi hujua salamu za lugha tano na hawezi kuzungumza hata moja.

Kwa masomo, tafuta ya maandishi kabla ya video. Ukurasa wa maandishi hula data kidogo sana, na unaweza kuuhifadhi uusome ukiwa nje ya mtandao. freeCodeCamp ni bure kabisa, mwanzo hadi mwisho. Na kama simu ni moja nyumbani na mama anaihitaji, andika msimbo kwenye kitabu cha mazoezi. Hatutanii. Ukiandika kwa kalamu unalazimika kufikiri kila mstari unafanya nini, halafu simu ikirudi unanakili na kuona kama ulikuwa sawa.

Turkana pia si jangwa la masomo haya kama watu wa mbali wanavyodhani. Huko Loropio, kando ya Ziwa Turkana, kuna kampasi ya Startup Lions inayofundisha vijana kazi za kompyuta. Jengo lake lilichorwa na Francis Kéré, msanifu kutoka Burkina Faso, likakamilika 2021. Ina minara mirefu iliyoigwa kutoka vichuguu vya mchwa ili hewa ya moto itokee juu. Ukijua jua la Turkana utaelewa kwa nini kompyuta zinahitaji nyumba ya aina hiyo. Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Kakuma kuna shule zenye vyumba vya mtandao vya Vodafone Foundation na UNHCR. Ulizia ratiba na masharti kwa simu kabla ya kupanda gari. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na nauli si mchezo.

Kwa nini daftari la madeni

Ukimwuliza kijana anayeanza anataka kutengeneza nini, mara nyingi atakwambia kitu kama Facebook, au mchezo, au apu ya kukopesha. Sisi tunakushauri utengeneze kitu ambacho duka la karibu na kwenu linatumia kila siku, yaani daftari la madeni.

Sababu yetu ni hii. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula pale Kakuma. Badala ya kupewa mgao wote kwa gunia, familia zilianza kupokea sehemu ya thamani yake kwenye laini ya simu, na kununua chakula kwa maduka yaliyosajiliwa. Biashara ikachangamka. Lakini msaada huja mara moja kwa mwezi na tumbo halina mwisho wa mwezi, kwa hivyo watu hukopa dukani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza madeni ya Kalobeyei walieleza jambo ambalo wakazi walilijua zamani: baadhi ya wateja huacha laini au kadi yao kwa mwenye duka, pamoja na nambari ya siri, kama rehani mpaka deni liishe.

Fikiria hapo. Mteja hana laini. Mwenye duka ana nambari ya siri ya mtu mwingine. Siku wakikosana kuhusu hesabu, ushahidi pekee ni daftari ambalo mmoja wao pengine hawezi kulisoma. Lodwar hali si hiyo hiyo, lakini daftari ni lile lile. Mama muuza samaki, kijana wa boda, mwalimu anayesubiri mshahara, wote wamo humo.

Programu yako haitaondoa umaskini. Inaweza lakini kumfanya mteja aone deni lake mwenyewe, kwa tarakimu, kwa tarehe, kila anapotaka. Mwenye duka akiwa na rekodi ambayo pande zote mbili zinaiamini, haja ya kushika laini ya mtu inapungua. Na hebu tuseme wazi, mwenye duka unayesoma hapa: nambari ya siri ya mteja si dhamana. Ukiishika, pesa zikipotea kwenye laini ile, wewe ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kaa dukani kwanza

Kabla ya kuandika msimbo wowote, nenda ukakae dukani siku tatu. M-Pesa yenyewe ilizaliwa hivyo. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga watu walipe mikopo ya benki ndogo kwa simu. Waliokuwa wakiyasimamia wakaona watu wanatumia huduma ile kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipofunguliwa rasmi Machi 2007 ikauzwa kwa kazi hiyo ya kutuma pesa nyumbani. Kama wangebaki na wazo la mezani, huenda leo tungekuwa na historia nyingine.

Ingia kwa heshima. "Mama, shikamoo. Mimi ni mtoto wa jirani, najifunza kutengeneza programu. Naomba nikae hapa nione unavyoandika madeni. Sitaandika majina ya wateja wako." Sentensi hiyo ya mwisho usiisahau. Kama mwenye duka ni Mturkana anza na "ejok", kama ni Msomali mpe salamu yake. Usitoe simu mpaka ukubaliwe.

Utaona mambo ambayo hakuna video itakufundisha. Mteja haandikwi jina kamili, anaandikwa "Mama Akiru" au "yule wa boda nyekundu", na kuna Mama Akiru wawili. Watu hawalipi deni lote. Deni la shilingi 600 linalipwa 250, kisha 100, kisha kimya wiki mbili. Wengine wanalipa kwa samaki au makaa, wanakubaliana bei. Wengine wanamtuma mtoto. Kila kitu kati ya hivi kitaivunja apu yako kama hukukifikiria mapema.

Sasa kunja karatasi mara tatu. Sehemu ya kwanza chora skrini, yaani kile mtu anachokiona: orodha ya wateja, kitufe cha "Ongeza deni", kitufe cha "Amelipa". Ya pili andika kanuni kwa Kiswahili cha kawaida: kama amelipa, punguza deni; kama malipo yanazidi deni, onya. Ya tatu andika kumbukumbu, ni vitu gani vinahifadhiwa na vinahifadhiwa wapi. Hiyo ndiyo apu. Kubwa zote unazozijua zina sehemu hizo tatu.

Mahali pesa hupotelea

Hapa ndipo tulisema tutakaa. Makosa manne tutakayoyaeleza huwakuta hata watu wa miaka mingi kazini. Afadhali uyajue ukiwa bado na duka moja.

La kwanza. Unaandika kisanduku ambapo mwenye duka anaingiza kiasi. Mteja ana deni la 150, amechukua sukari ya 50. Unajumlisha, na skrini inasema deni ni 15050. JavaScript haijachanganyikiwa. Kilichoandikwa ndani ya kisanduku huchukuliwa kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa huunganishwa kama mabehewa. Lazima uyageuze kuwa nambari kwanza. Ni kosa la dakika mbili kurekebisha, lakini mteja asiyejua kusoma akiambiwa ana deni la shilingi elfu kumi na tano na hamsini, hizo dakika mbili zinaweza kuwa ugomvi wa ukoo mzima.

La pili ni la senti. Mwambie JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2. Jibu ni 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja tu, na kuna sehemu za desimali ambazo haiwezi kuziandika kikamilifu, kama sisi tunavyoshindwa kumaliza kuandika theluthi: 0.3333 na kuendelea. Ukiongeza vipande hivyo mara elfu moja, hesabu ya duka haitalingana na sanduku la pesa. Dawa yake ni ya zamani: hifadhi pesa kwa senti, nambari nzima. Shilingi 12.50 iwe 1250. Unaigawanya kwa 100 wakati wa kuonyesha tu.

La tatu ni nambari za simu. Ukizihifadhi kama nambari za hesabu, ile sifuri ya mbele inapotea na 07 inakuwa 7. Nambari ya simu hatuijumlishi wala kuizidisha, kwa hivyo ni maandishi. Kwenye mifumo ya malipo pia utatakiwa kuiandika kwa kuanza na 254. Amua mapema utaihifadhi kwa umbo gani, na usibadilishe.

La nne ndilo tunalolichukulia kwa uzito zaidi. Deni likilipwa, usilifute. Ongeza mstari mpya: tarehe fulani, amelipa kiasi fulani. Mwenye duka akikosea, akaandika 500 badala ya 50, usimpe kitufe cha kufuta. Mpe cha kusahihisha, kinachoongeza mstari wa kurudisha 450, na mstari wa zamani ubaki palepale ukionekana. Ndivyo taarifa ya akaunti yako ya simu inavyofanya. Pesa ikitumwa kimakosa na kurudishwa, unaona mistari miwili, hakuna unaotoweka. Rekodi inayoweza kufutwa kimyakimya haimlindi mtu yeyote, na mnyonge ndiye wa kwanza kuumia.

Ikifika wakati wa kuunganisha malipo

Usikimbilie hapa. Daftari likifanya kazi bila malipo kwa miezi miwili mitatu, ndipo ufikirie mteja kulipa kupitia kwalo. Safaricom walifungua mlango wao kwa watengenezaji wa programu, unaoitwa Daraja, mwaka 2017. Una uwanja wa majaribio wa bure ambako pesa si za kweli. Cheza humo upendavyo. Kuhamia pesa za kweli kunahitaji paybill au till ya biashara iliyosajiliwa, kwa hivyo hapo utamhitaji mtu mzima mwenye biashara.

Elewa safari ya malipo. Programu yako inaomba: mteja huyu alipe shilingi 250. Ombi linapita kwenye Daraja, na kwenye simu ya mteja kinatokea kisanduku cha mtandao wenyewe kikimwuliza aweke nambari ya siri. Anaiweka pale, kwa mkono wake, na programu yako haiioni kamwe. Kisha jibu linarudi kwako: amelipa, amekataa, au hakuna salio. Kwa hivyo hakuna siku ambapo apu yako inahitaji sehemu ya kuandika nambari ya siri. Ukiona apu ya mtu mwingine inayo, itoe kwenye simu.

Kati ya ombi na jibu kuna kusubiri, na mtandao unaweza kukatika hapo katikati. Mwenye duka anaona hakuna kitu, anabonyeza tena. Kama hukujiandaa, mteja anakatwa mara mbili. Mtu mwenye 600 ya wiki nzima akikatwa 250 mara mbili, watoto watalala njaa wakati wewe bado unatafuta kosa liko mstari gani. Kila ombi lipe nambari yake ya kipekee, kitufe kikishabonyezwa kizime, na kabla ya kutuma ombi la pili uliza kwanza lile la mwanzo liliishia wapi. Mpaka jibu lije, skrini iseme "Tunasubiri". Isiseme "Imelipwa" kwa kukisia.

Na usiruhusu programu yako, wala mwenye duka, kuamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja. SMS za uongo zinaandikwa kwa sekunde chache. Malipo yamefika pale yanapoonekana upande wa anayepokea, kwenye ujumbe wake mwenyewe au taarifa ya till yake.

Usiwasahau pia wenye mulika mwizi. Wateja wengi wa duka hawatafungua apu yako kamwe, lakini wanaweza kupiga nambari fupi ya nyota na reli wakaona deni. Hiyo ni USSD. Africa's Talking ya Nairobi ina kiigizo cha kujaribia bila kulipa. Ujumbe mmoja wa USSD unabeba herufi 182 tu, kwa hivyo utajifunza kuandika kwa ufupi: "Deni: 350. Malipo ya mwisho: 100, 4 Mei." M-Farm, iliyoanzishwa 2010 na wanawake watatu Wakenya, iliwafikia wakulima kwa bei za soko kupitia SMS za kawaida tu.

Laini ya nani, na kazi ya nani

Hapa mzazi asogee karibu.

Kama hujafika miaka 18, huna kitambulisho, na yawezekana laini unayotumia ni ya mzazi. Kambini wako pia watu wazima wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au jirani, kwa sababu karatasi zao zilichelewa. Ujue maana yake: mbele ya kampuni ya simu, pesa zilizo kwenye laini ile ni za mwenye jina. Mkikosana, au akihama, au laini ikipotea na kuhitaji kurudishwa, ni yeye tu anayesikilizwa. Ukianza kupata vijipesa kwa kazi ya kompyuta, mtafute mzazi au mlezi mwaminifu, mkubaliane mbele ya shahidi, na uandike kila kinachoingia. Una daftari tayari.

Kijana akijulikana mtaani kuwa "anajua mambo ya apu", watu watamtafuta. Wapo wa heri. Wapo pia watakaokuambia kuna kazi ya kujaribu apu kutoka ng'ambo, lipa kwanza ada ya usajili ya shilingi 1,500. Kazi halali haikutozi pesa ili uanze. Mwingine atakuwa mtamu zaidi, hatakuomba kitu. Atasema ana wateja nje, pesa zao zipitie kwenye laini yako, ubaki na asilimia kumi na umtumie zilizobaki. Pesa hizo huwa zimeibwa kwa mtu fulani, na polisi wakifuata njia wanaanza na jina lililosajiliwa. Litakuwa la mama yako. Kataa, na umwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama tayari umepokea.

Upande wako nawe kuna wajibu. Daftari la madeni ni siri za watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu maalum na kwa kiasi kinachohitajika tu, na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Apu yako haihitaji orodha ya namba zilizo kwenye simu, wala picha, wala mahali mtu alipo. Usiviombe. Mtu akichelewa kulipa kisha shangazi zake wote wapigiwe simu, hiyo ni aibu tuliyoiona kwenye apu za mikopo, na ndiyo maana Google Play ilizipiga marufuku apu hizo kugusa namba na picha za watu mwaka 2023.

Tafuta wenzako

Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya Kisumu walitengeneza i-Cut, apu ya kuwasaidia wasichana walio hatarini kukeketwa kupata msaada. Iliwafikisha makao makuu ya Google kule California kwenye mashindano ya Technovation, wakiwa kikundi pekee kutoka Afrika mwaka huo. Walikuwa bado wanafunzi wa sekondari. Sisi tunachokipenda zaidi katika habari hiyo ni idadi: watano. Mmoja anaweza kuwa hodari wa msimbo, mwingine wa kuchora skrini, mwingine wa kuongea na wenye maduka bila aibu.

Kakuma una bahati ambayo Nairobi haina. Darasani kwako kuna Mturkana, Mkongo, Msomali, wa kutoka Sudan Kusini, wa kutoka Burundi. Mkae pamoja mwandike maneno ya skrini. "Deni" kila mtu ataelewa? Muulize bibi yake mwenzako. Kwa wasiosoma, tumia tarakimu kubwa na picha ya kitu, na mjaribu bila kuwaelezea. Kama mtu anauliza "nibonyeze wapi?", kitufe ndicho chenye makosa.

Kuhusu Play Store, haraka ya nini? Akaunti ya mtengenezaji ni dola 25 za Marekani, inalipwa mara moja, na lazima mwenye akaunti awe ametimiza miaka 18. Akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa pia kuwa na watu 12 wa kuijaribu apu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuifungulia umma. Duka moja halihitaji yote hayo. Faili yako ya HTML inafunguka kwenye simu ya mwenye duka hata bila mtandao.

Siku utakapoiweka, usilichukue daftari la karatasi. Kwa mwezi mzima viende pamoja, na kila jioni kabla duka halijafungwa, wewe na mwenye duka mlinganishe mstari kwa mstari. Zikitofautiana, karatasi ndiyo yenye haki mpaka ujue kwa nini. Na kila Jumapili nakili kumbukumbu zote kwenye simu ya pili au kadi ya kumbukumbu, maana simu huanguka kwenye ndoo ya maji bila kutoa taarifa.